Chupa Moja Yafoka, Nyingine Imelala

Wiki hii naomba tuache siasa na bei ya mafuta, tuzungumze habari ya chupa. Wako wengi miongoni mwenu, mjini na vijijini, ambao hutengeneza kinywaji nyumbani: huyu pombe ya asali, yule ya ulezi iliyochujwa, mwingine tangawizi ya hamira kwa ajili ya watoto na wageni wasiokunywa kileo. Zamani kinywaji hicho kilikaa mtungini kikaisha mtungini. Siku hizi kinatiwa katika chupa kuukuu za bia na soda, kinafungwa, kinawekwa stoo kungojea harusi au Krismasi.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Chupa zote zimetoka ndoo moja, siku moja, mkono mmoja. Mgeni wa kwanza anafunguliwa yake, povu linapanda hadi darini na nusu ya kinywaji imelowesha zulia. Wa pili anafunguliwa yake, kimya, imelala kama maji ya mvua. Ya tatu ni nzuri kabisa. Basi mwenye nyumba anaona haya, na jirani ananong'ona kwamba kuna mtu ana jicho baya. Mimi nasema tuliache jicho la jirani lipumzike. Kila chupa iliyofoka ina sababu yake, na kila iliyolala ina yake, na sababu hizo zinasomeka kama mtu anavyosoma gazeti hili.

Nimelifuatilia jambo hili Manchira, wilayani Serengeti, mkoa wa Mara. Wengine mnalijua jina hilo kwa ajili ya Bwawa la Manchira, ambalo hutoa maji kwa mji wa Mugumu, makao makuu ya wilaya. Nchi ile, pamoja na jirani zao wa Tarime, ni nchi ya ulezi na mtama, na pombe ya nafaka hiyo ina heshima yake. Wazee huketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo, maneno yakienda taratibu. Katika mtungi ule hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba upande wake umefoka na wa mwenzake umelala. Kwa nini? Kwa sababu mtungi uko wazi, unapumua.

Hebu tuelewane kwanza gesi hiyo inatoka wapi. Hamira ni kiumbe hai, mdogo asiyeonekana kwa macho. Chakula chake ni sukari. Akila sukari hutoa vitu viwili, kileo na gesi ya kaboni daioksaidi, na kwa uzito vinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Gramu 10 za sukari zikiliwa zote, karibu gramu 5 hugeuka gesi, na gesi hiyo ikiachwa huru hujaza kama lita mbili na nusu. Mwingereza Joseph Priestley alipohamia mji wa Leeds mwaka 1767 alikaa jirani na kiwanda cha bia, akaanza kuichunguza hewa iliyoelea juu ya mapipa, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya namna ya kuitia katika maji. Soda tunazokunywa leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Katika mtungi, gesi hiyo hupanda na kwenda zake. Katika chupa iliyofungwa haina mlango, hivyo inayeyuka ndani ya kinywaji na kungojea siku ya kufunguliwa. Viwanda vikubwa vya bia aghalabu huongeza gesi kwa mashine na vipimo kabla ya kufunga. Mtu wa nyumbani hana mashine hiyo. Yeye hutia sukari kidogo wakati wa kufunga, na hamira iliyobaki humalizia kazi ndani ya chupa. Maana yake ni kwamba chupa 20 ni viwanda 20 vinavyojitegemea. Kila kimoja kinahitaji sukari yake, hamira yake, joto lake na mlango uliofungwa barabara. Kimoja kikipunjwa au kikizidishiwa, kitatoa matokeo yake peke yake bila kuuliza wenzake.

Msidhani kwamba ninazungumzia povu kwenye zulia tu. Chupa yenye gesi ya kiasi, katika joto la kawaida la nyumbani, ina msukumo wa ndani unaokaribia ule wa tairi la gari dogo. Ukizidisha sukari mara mbili, kisha stoo ikapata joto la mchana chini ya bati, msukumo huo hupita mara mbili ya ule wa kwanza. Kioo kikishindwa hakitoi onyo. Hupasuka, na vipande vyake huruka kwa kasi ya kutoboa jicho. Wafaransa wa jimbo la Champagne walilijua hilo kwa uchungu: mvinyo wao wenye povu ulikuwa ukipasua chupa nyingi ghalani, na wafanyakazi wakavaa vinyago vya chuma. Mwaka 1836 mfamasia mmoja aitwaye François alionyesha namna ya kupima sukari kabla ya kufunga, na chupa zikaanza kupona. Dawa yao ilikuwa kipimo.

Sasa turudi Manchira. Mama mmoja mpikaji hodari alikuwa na kreti la chupa za pombe ya asali, safi, iliyochujwa vizuri, ya sherehe ya kumwaga binti yake. Baadhi zilifoka, baadhi zililala. Nilipomwamkia na kumuuliza, "Mama, zilizofoka ni zile ulizojaza mwanzo au mwisho?" alicheka akasema, "Mwanangu, chupa ni chupa, nani atajua ipi ilitangulia?" Jibu lake ni jibu la wengi wetu, na ndilo linalotufunga macho. Nilimwomba safari ya pili aandike namba juu ya kila kizibo, moja hadi ya mwisho, kwa mpangilio wa kujaza. Alifanya hivyo. Walipozifungua, chupa za mwanzo zilikuwa zimelala, za katikati nzuri, za mwisho zinafoka. Kumbe alikuwa akimwaga sukari kavu ndani ya ndoo, anakoroga mara moja, kisha anachota kwa kata kutoka juu. Sukari ilikuwa imezama chini, nazo chupa za mwisho zikapata urithi wote.

Basi hilo ndilo fundisho la kwanza: andika namba, kisha soma mpangilio. Mpangilio ndio unaosema.

Ikiwa chupa zinabadilika hatua kwa hatua kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, sukari haikuchanganyika. Mwenye kuchota juu atakuta za mwisho zinafoka. Mwenye ndoo ya bomba chini atakuta za kwanza ndizo zinazofoka. Mara nyingine sukari imechanganyika lakini machicha ya hamira yametibuliwa mwishoni, na chupa zenye machicha mengi hupata gesi upesi na kufoka zikifunguliwa, kwa kuwa povu hushika kwenye zile chembe.

Ikiwa zote zinafoka, tatizo liko kwenye ndoo nzima. Ama sukari ilizidi, ama ulifunga kabla pombe haijamaliza kuchachuka. Hili la pili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani sukari iliyobaki ndani ya pombe huongezeka juu ya ile uliyotia mwenyewe.

Ikiwa zote zimelala, subiri kwanza. Gesi huhitaji siku 10 hadi 14 mahali penye joto la kiasi, na penye baridi ya usiku kama nyanda za Tarime huweza kuchukua muda zaidi. Kama wiki nne zimepita na bado kimya, basi hamira ilikwisha nguvu au sukari haikutiwa.

Ikiwa zinazofoka na zilizolala zimetawanyika ovyo, namba 3, namba 11, namba 17, basi usilaumu ndoo. Tazama chupa moja moja: uchafu wake, kizibo chake na ukubwa wake. Na ikiwa za rafu ya juu karibu na bati zinafoka, za sakafuni zimelala, hapo ni joto tu. Zile za chini zitafika, lakini polepole.

Baada ya mpangilio, ulimi nao ni shahidi. Chupa iliyofoka na yenye utamu bado ilifungwa mapema au ilitiwa sukari nyingi. Chupa iliyofoka lakini chachu, nyepesi, yenye harufu isiyo yake, iliingiliwa na vijidudu vilivyojificha katika chupa chafu, vikala hata sukari ambayo hamira yako isingeigusa. Chupa iliyolala na yenye utamu kidogo ina chakula lakini mlaji amelala: ama baridi, ama hamira imekufa. Chupa iliyolala na isiyo na utamu wowote ina mashaka mawili, kwamba sukari haikufika au gesi ilitoroka. Ili kujua, chukua mwenzake aliyefungwa siku ile ile, mpindue kizibo chini ndani ya beseni la maji. Vipovu vikitoka pembeni mwa kizibo, mwizi umemwona.

Na kizibo kweli ni mwizi mkubwa. Kile kizibo cha bati chenye meno, alichokisajili Mmarekani William Painter mwaka 1892, kimetengenezwa kubanwa mara moja. Hesabu meno yake, utayakuta 21. Kikishafunguliwa huwa kimepinda, na utando wake wa ndani umeumia. Wako watu wanaokiokota, wakakinyoosha kwa nyundo na kukirudishia. Kimoja kitashika, cha pili kitavuja, na hapo ndipo unapopata chupa nzuri na chupa mfu katika kreti moja. Tumia vizibo vipya na mashine ya mkono ya kufungia, na kagua mdomo wa chupa: penye ufa au pengo, iweke kando.

Sasa tuje kwenye namna ya kutenda, tukianza na subira. Usifunge mpaka pombe imetulia. Kuona povu limekwisha hakutoshi. Chombo cha kupimia kipo, kinaitwa haidromita, ndugu wa kile kipimo cha wauza maziwa kinachofichua maji. Kinaelea juu sukari ikiwa nyingi, na kuzama sukari ikiliwa. Pima leo, pima baada ya siku mbili, pima tena baada ya mbili nyingine. Kikisoma 1.010 mara zote tatu, kazi imekwisha. Kikisoma 1.014 leo na 1.010 keshokutwa, bado kuna kazi inaendelea, na tofauti hiyo ndogo ina sukari kama gramu 8 hadi 10 kwa kila lita. Hiyo peke yake inazidi kipimo kizima cha kutia gesi.

Kipimo chenyewe ni gramu 6 hadi 7 za sukari nyeupe kwa lita moja ya kinywaji. Ndoo ya lita 20 itahitaji gramu 120 hadi 140, zilizopimwa kwa mizani. Ziyeyushe katika maji kidogo yaliyochemka, acha yapoe, mimina kwanza ndani ya ndoo safi, kisha hamishia pombe yako juu yake kwa mpira, ukiacha machicha kule ilikotoka. Zungusha mwiko safi polepole, bila kupiga mapovu. Ukijaza chupa nyingi, simama katikati ya kazi uzungushe tena.

Wako wanaotia sukari kwa kijiko katika kila chupa. Njia hiyo ina mtego. Chupa ya bia ya mililita 500 inataka sukari isiyofika kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kijiko kilichojaa kilima ni karibu maradufu. Na ukitia kijiko hicho hicho katika chupa ya soda ya mililita 350, ile ndogo itapata nguvu kubwa kuliko kaka yake. Usichanganye ukubwa wa chupa kama huna kipimo cha kila ukubwa.

Chupa zioshwe kwa brashi siku ile ile zinapomwagwa, kabla mabaki hayajakauka, kisha zichemshwe kwa kupandisha joto taratibu zisipasuke. Anayetumia dawa ya klorini asuuze kwa maji yaliyochemka na kupoa, kwani mabaki ya dawa huiua hamira, na utapata chupa moja moja zilizolala bila kujua ni kwa nini. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo. Tumia chupa nene za bia au soda tu. Chupa za mvinyo wa kawaida, za pombe kali au za sosi hazikuumbwa kubeba msukumo.

Ninayo hila moja ambayo haigharimu kitu. Jaza chupa mbili za plastiki za soda pamoja na zile za kioo, moja mwanzoni mwa kazi, nyingine mwishoni. Kila siku zibonyeze kwa kidole. Zikiwa ngumu kama jiwe zote mbili, gesi imeingia, peleka kreti mahali pa baridi. Moja ikiwa ngumu na nyingine ikiwa laini, umekwisha kujua kwamba sukari haikuchanganyika, kabla hujapeleka chupa hata moja mbele ya mgeni.

Vipi kuhusu kreti ambalo tayari linafoka? Usilibebe mikononi na watoto wakicheza kando. Lifunike kwa magunia mazito, funika uso na macho yako, vaa glovu nene, kisha lipoze kwa maji baridi au barafu kwa siku nzima, kwa sababu baridi huifanya gesi itulie ndani ya kinywaji. Ndipo unyanyue vizibo kidogo kidogo, kimoja kimoja, gesi itoke. Chupa iliyokwisha kupasuka ni mjumbe wa wenzake: usiseme ni moja tu.

Nimebakiza onyo moja kwa wenzetu wa mtungi. Pombe nzito ya ulezi au mtama, ile yenye unga wake, usiifunge kabisa katika kioo. Ndani yake kimea bado kinageuza wanga kuwa sukari, na hamira inaila kadiri inavyopatikana, hivyo haina siku ya kusema nimemaliza. Haidromita yenyewe itadanganywa na unga ule. Isitoshe unga huzama, chupa moja ikawa uji na nyingine maji. Kama ni lazima isafiri, isafiri katika chombo chenye kifuniko kinachopumua, na inywewe siku hiyo au kesho yake. Wazee waliouacha mtungi wazi walijua walichokifanya, ingawa hawakuwahi kuiona hamira kwa darubini.

Kwa anayetaka kuuza, kufoka kwa chupa ni mambo ya biashara na ya sheria pia. Uuzaji wa vileo una leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na usalama wa vyakula na vinywaji ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ipo kwa ajili ya wenye viwanda vidogo. Mteja aliyekatwa na kioo hatauliza kama mama alikuwa na nia njema. Akina mama wengi wamesomesha watoto kwa pombe, na sipendi kuona ada ya muhula mzima ikimwagika sakafuni kwa sababu ya kijiko kilichojaa na kizibo kilichookotwa.

Basi nawaachia kazi ya wiki hii. Mtakaojaza chupa Jumamosi, chukueni kalamu ya wino mzito, mwandike namba juu ya kila kizibo kabla hamjapeleka kreti stoo. Baada ya wiki mbili fungueni ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, zikiwa baridi, juu ya sinki. Zitawaambia kila kitu.